Mashine Iliyochaguliwa kwa Woga

Mwanamke mwoga kuliko wote hapa Kavimvira, mtaa wetu wa Uvira ulio mpakani, ni jirani yangu Aziza, na simsengenyi, hata yeye mwenyewe analijua. Tumekaa bega kwa bega sokoni miaka mingi, yeye na vitenge vyake, mimi na mchele wangu wa Bwegera, na sijamwona hata siku moja akiketi bila kuangalia kwanza pa kukimbilia. Viatu vyake akivivua huvielekeza njiani, ili siku ya mbio asipoteze muda kuvigeuza. Mfuko wa nguo za mtoto wake uko nyuma ya mlango tangu mtoto ananyonya, na kila akikua, mama hubadilisha nguo zilizomo. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa nikimwambia, "Aziza, weye siku vita itakosa kuja, utakasirika."

Siku hizi simcheki, na sababu ni kompyuta. Ngojeni niwaeleze.

Mtoto wake ni mmoja tu, Sumaili. Amepewa jina la baba yake Aziza, mmoja wa wafanyabiashara wa zamani wa hapa ziwani, kwa hiyo mama humwita "Baba," na kijana huitika bila aibu. Amemaliza shule, kazi hana, ni mrefu, mpole, na ana ugonjwa mmoja: michezo ya kompyuta. Si ile ya kupanga karata. Ile ya vita, ya kuvaa kofia ya chuma na kufyatua risasi nyuma ya ukuta. Hapa kwetu vita vya bure tunavyo, tena vinakufuata hadi jikoni, lakini vijana wetu walikuwa wanakwenda kulipia vingine kwenye salle ya michezo, barabara kuu, chumba cha giza chenye harufu ya soksi.

Katika chumba hicho ndimo walimomchukua Kwizera.

Kwizera alikuwa mtoto wa marehemu dada yangu, na nilimlea mimi tangu hajaota meno. Mchana mmoja wenye bunduki (msiniulize ni wa upande gani, sisi tuliacha kuuliza) waliingia, wakafunga mlango, wakachagua vijana wenye mabega wa kwenda kubeba bunduki zao. Sumaili alikuwa amekaa kiti kwa kiti na Kwizera, ila alikuwa ametoka kidogo kununua beignets, yale maandazi ya barabarani. Aliporudi alikuta vioo bado vinawaka, michezo inaendelea bila watu, na kiatu kimoja cha Kwizera mlangoni. Aliniletea kile kiatu. Ninacho mpaka leo. Kila nikifagia ninakihamisha, na kila nikikihamisha ninalia.

Tangu siku hiyo Aziza alikosa usingizi. Alimkataza mtoto asirudi kule, mtoto akasema ndiyo, na baada ya muda akarudi. Akamkataza kwa ukali, mtoto akarudi kwa kujificha. Nilimwona mwenyewe akipita nyuma ya soko, kofia ameishusha hadi puani. Aziza alipopata habari alikuja kukaa juu ya gunia langu la mchele, jambo ambalo simruhusu mtu yeyote, akasema:

"Émérance, minye nitamununulia yake. Acheze mu nyumba."

"Utanunua nini?"

"Ordinateur, kompyuta ya michezo. Lakini ikikuwa chini ya zile za salle, atarudia kule kule. Nataka ile yenye hakuna muntu iko nayo hapa Uvira."

Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kile kiatu, nikaacha.

Fundi wa mambo hayo ni Pontien, mwenye chumba chake kule Mulongwe, mbali na mpaka. Baba yake analima mpunga Bwegera, na mchele wangu unatoka kwao, kwa hiyo Aziza alinishika mkono twende wote, asije akauziwa mbuzi ndani ya gunia. Pontien ni mtu wa polepole. Ukimwuliza kitu, kwanza anafuta miwani.

Alitueleza kwamba mashine ya namna hiyo huichukui nzima dukani. Unachagua kipande kimoja kimoja, unahakikisha vinapatana, halafu unaviunga. Kuna processeur, ndiyo inayofikiri. Kuna carte graphique, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo, na katika mchezo wa vita ndiyo yenye kula umeme kuliko wenzake wote. Na kuna carte mère, yaani kadi mama, ubao mkubwa ambao wengine wote wanashikamana nao.

"Njo mama yabo?" Aziza aliuliza.

"Ndiyo, njo mama yabo."

"Basi iyo tutafute ya nguvu. Mama akianguka, batoto wote bataenda wapi?"

Pontien akafuta miwani. Alipotaja alimentation, Aziza alifikiri anatumwa sukari, maana kwetu alimentation ni duka la vyakula. Akaelezwa kuwa ni kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wengine. Hapo alikaa sawasawa. Umeme wa mtaani kwetu anaujua: mara unakuwa mdogo hadi balbu inageuka nyekundu, mara unaruka na kuua friji ya mtu. Akataka alimentation yenye nguvu kupita mahitaji, mbele yake régulateur ya kutuliza umeme, na kati yao onduleur, ile betri inayoishikilia mashine umeme ukikatika.

"Onduleur itashikilia muda gani?"

"Kama ni mashine ya bureau, ya kuandikia tu, utaandika hata barua mbili," Pontien alisema. "Lakini hii, na ile carte graphique gisi inakula umeme, utapata tu wakati wa kufunga mambo yako. Itaanza kulia pii, pii, njo ujue inaisha."

"Kamata ile kubwa."

"Hata ile kubwa, mama, haitakawia."

"Kamata ile kubwa," Aziza alisema.

Hivyo ndivyo alivyochagua kila kitu. Nilikuwa pale, nilijionea. Pontien alimwonyesha namna ya kupoza processeur kwa maji yanayozunguka ndani ya mirija, namna ambayo vijana wanaililia. Aziza alisimama kabisa. Ziwa lilipofura na kumwingilia nyumbani alichota maji kwa sufuria hadi mgongo ukagoma, na leo ayanunue maji kwa hiari yake, ayatie ndani ya kitu cha umeme, mbele ya magoti ya mtoto wake? Akachukua feni kubwa na chuma chake. Pontien akaleta sanduku la kuwekea vyote hivyo, ubavu wa kioo, taa za kijani na zambarau. Aziza akauliza taa ni za nini, ili mpita njia ajue nyumba ipi ina kitu? Akachagua sanduku jeusi lisilo na dirisha. Pontien akasema kijana atasikitika. Aziza akamjibu kwamba atasikitika akiwa nyumbani.

Mwisho tukafika kwenye sauti. Pontien alitoa casque nzuri sana, ya kufunika masikio yote mawili, akasema wachezaji wote wakubwa wanaivaa, maana lazima usikie nyayo za adui. Aziza akaijaribu. Nikamwita, "Aziza!" Hakugeuka. Nikamwita tena, nikamgusa bega, akashtuka na kuivua haraka.

"Hapana."

"Mama, bila casque mutoto hatacheza muzuri."

"Pontien, weye unaishi Mulongwe. Shiye tunaishi ku barrière, ku mpaka. Siku ile risasi itaanza, mutoto amevaa hii kitu, minye naita, naita, hasikii. Nitamukuta amekaa tu. Hapana. Utie bafle, tena kubwa, masikio yake ikuwe wazi."

Pontien aliniangalia mimi nimsaidie. Sikumsaidia. Nilikubaliana na Aziza kabisa, na mzazi yeyote wa mtaa wetu angekubaliana naye, hatumzibi mtoto masikio. Tukachukua bafle, spika mbili nene na ya tatu ya kuwekwa chini, ile inayokutikisa kifua.

Vipande vizuri havikuwepo Uvira, vilikuwa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Aziza alivifuata mwenyewe. Vingine aliwapa wachukuzi, lakini carte graphique alikataa kuiachia mkono wa mtu. Aliogopa isigongwe, aliogopa isiibwe, aliogopa hata mvua ambayo haikuwepo. Akaifunga kwenye kitenge na kuibeba mgongoni kama mtoto, akavuka mpaka akitembea taratibu na kuipigapiga makalio. Karatasi za forodha alikuwa nazo zote. Candide, ofisa wa pale barrière anayetujua sisi wote, alimsimamisha, akachungulia kwenye kitenge.

"Mutoto iko na miezi ngapi?"

"Acha ujinga, Candide. Ni ya Sumaili."

"Mbona haifanani na baba yake?"

Kavimvira nzima ilicheka habari hiyo. Aziza peke yake hakucheka, alikuwa bado anaogopa asije akajikwaa kabla ya kufika.

Pontien alikuja kuunga mashine nyumbani. Kabla ya kushika kipande chochote aligusa kwanza chuma cha dirisha, kuondoa umeme wa mwilini, na Aziza alipoona hivyo akaanza naye kugusa dirisha kila akipita, hata akibeba chai. Walipofika kuwasha, alitoka nje na mfuko wa nguo begani. Mashine ikawaka bila moshi. Sumaili alitazama kile kioo, akamtazama mama yake aliyesimama uani na mfuko, akaenda kumkumbatia. Kijana yule hakurudi salle tena. Jirani yangu akaanza kunenepa kidogo, akaanza hata kusinzia sokoni, viatu vimeangalia popote. Nilifurahi kumwona hivyo, ingawa nikirudi kwangu kiatu cha Kwizera kilikuwa kinaningoja.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya mvua.

Mvua ilianza adhuhuri, mvua ya kupiga mabati hadi usimsikie mtu aliye mbele yako. Sumaili alikuwa anacheza. Hakusikia mchezo wake, akaongeza sauti. Mvua ikazidi, akaongeza tena. Halafu mvua ikakatika mara moja, kama inavyokatika mvua ya hapa, na katika ule ukimya ikabaki sauti ya bunduki peke yake, kubwa, safi, imejaa mtaa mzima.

Mimi nilikuwa napimia mteja mchele. Sijui nilifanya nini na mchele, ninachojua ni kwamba nilikuwa nakimbia na kipimo mkononi. Soko zima lilikuwa mbioni. Watu walitoka na magodoro, na sufuria, mwanamke mmoja na mlango wa choo chake. Nilikuwa nasema jina la Kwizera kwa sauti, kana kwamba nikimwita atatokea tukimbie wote. Kila mtu alikuwa anaelekea mpakani. Aziza peke yake alikuwa anakwenda upande wa pili, upande wa nyumbani, akipasua watu, na kitenge cha kuonyesha wateja bado kiko begani. Nikamfuata. Sijui kwa nini miguu yangu ilimfuata yeye na si watu wote.

Katikati ya njia alisimama ghafla. Akasikiliza.

"Émérance. Ni bafle."

"Nini?"

"Ile bunduki naijua. Nalalaka nayo kila siku. Ni ya Sumaili."

Ningetaka kuwaambia kwamba tulicheka. Lakini tulipokunja kona tulikuta askari wa doria wamelala chini kwenye matope, kuizunguka nyumba yake, bunduki zote zimeelekea kwenye mlango. Mkubwa wao alikuwa kifudifudi nyuma ya pipa la maji, tope hadi kidevuni. Aziza aliinua mikono, akapita katikati yao. Yule mwoga. Mimi nilibaki nimeshika ukuta wa jirani.

"Mama, rudi! Mule mu nyumba iko adui!" mkubwa alifoka.

"Mule iko mutoto wangu. Iko nacheza."

"Batu gani bako nacheza hivi?"

"Baba!" Aziza alipiga kelele. "Baba! Sumaili! Zima!"

Hakusikia. Angesikiaje? Zile spika tulizochukua ili amsikie mama yake akiita ndizo zilizoifunika sauti ya mama yake. Aziza aliita hadi sauti ikapasuka. Niliona askari mmoja anasogeza kidole chake kwenye bunduki. Aziza akakimbilia kisanduku cha umeme kilicho ukutani nje, akashusha swichi yake. Taa ya barazani ikazimika. Bunduki hazikuzimika. Ziliendelea kulia ndani ya nyumba isiyo na umeme, na mkubwa wa askari akapaza sauti kwamba wanadanganywa, akahesabu watu wake kwa mkono wajitayarishe kuingia. Ilikuwa onduleur. Ile kubwa. Nilikumbuka Aziza akisema "kamata ile kubwa," nikaona tumemuua mtoto sisi wenyewe.

Kisha, katikati ya risasi na risasi, nikasikia pii, pii. Sumaili naye aliisikia, ilikuwa miguuni pake. Bunduki zikanyamaza katikati, mlango ukafunguliwa, kijana akatokea akiwa na kaptula, amekasirika.

"Maman, courant ya umeme imeenda tena?"

Akawaona. Mama yake alikuwa tayari amesimama mbele yake.

Habari ilisambaa upesi kuliko mbio zenyewe. Watu walirudi na magodoro yao, wakacheka hadi kushika mbavu, yule mwenye mlango wa choo akachekwa kuliko wote. "Ni mashine ya Mama Sumaili!" Mtaa mzima ulikuwa kwenye sherehe. Lakini mkubwa wa askari hakuwa anacheka. Alikuwa anajifuta tope mbele ya wanawake wanaocheka, na niliona macho yake yanampima Sumaili, mabega kwanza. Macho hayo nilishaelezwa na vijana walioachwa. Ndiyo yaliyoingia salle siku ile.

"Njo weye unanilalisha mu matope?" alisema. "Unapenda vita namna hii, na unakaa nyuma ya mama?"

"Ni mutoto," Aziza alisema. "Ni michezo."

"Mbele ya magaribi nitapita na gari. Ajitayarishe. Tutamupatia bunduki ya kweli."

Akaondoka na watu wake. Mmoja alimwacha chini ya baraza la duka la kona, macho kwenye mlango wa Aziza. Huyo alikuwa mtu wa mzaha. Alimpigia Sumaili kelele kutoka kule: "Kijana, endelea kucheza! Nikisikia unapiga, najua uko. Ukinyamaza, nakuja."

Aziza alirudisha umeme, tukaingia ndani sisi watatu. Sumaili aliketi akawasha mashine, akaanza kufyatua, machozi yanamtiririka. Mimi nilikuwa nawaza kiatu kimoja mlangoni, na sasa kitakuwa cha pili. Aziza akasogea hadi kwenye kiti cha mtoto wake.

"Baba, nifundishe."

"Nini, maman?"

"Nifundishe kupiga."

Alikaa kwenye kile kiti yeye ambaye alikuwa haigusi mashine hata kwa kitambaa cha vumbi. Kijana akamshika mkono, akauweka juu ya kipanya. "Bonyeza hapa. Usiache kubonyeza. Ukikufa, ngoja kidogo, utafufuka, ubonyeze tena." Akaongeza sauti. Aziza akabonyeza. Risasi zikapiga ukuta, zikapiga mbingu, akafa mara moja. Akafufuka. Akabonyeza tena, meno ameyauma.

"Mufuko uko nyuma ya mulango," alisema bila kugeuka. "Mwende."

Sumaili alitaka kumkumbatia. Akamkataa kwa bega, mkono ukibaki palepale. "Mwende, Baba. Nitakosea."

Tulipita ua wa nyuma, tukapenya uzio wa matete hadi kwangu. Nilimtwika gunia la mchele begani lifunike uso wake, mfuko wake nikaubeba mimi, tukatoka kama tajiri na mchukuzi wake. Barrière si mbali, mtaa wa pili tu, lakini sijapata kutembea njia ndefu kama ile. Sikuthubutu kukimbia. Watu walinisalimia, nikajibu, wakaniambia kuhusu mlango wa choo, nikacheka. Nyuma yetu mama yake alikuwa anapiga. Kila alipokufa palikuwa na ukimya mdogo, na kila ukimya huo mimi na kijana tulisimama kupumua hadi tukisikie kile kishindo cha kwanza tena. Kisha tunapiga hatua.

Tulipokaribia, redio ya kinyozi ilizimika. Na muziki wa bar. Na mashine ya kusaga. Umeme ulikuwa umekatika Kavimvira nzima, na bunduki za Aziza zikabaki zinalia peke yake.

"Mama Émérance," Sumaili alisema chini ya gunia. "Ni onduleur. Haijajaa. Haitashika."

"Tembea, mutoto wangu."

"Maman iko nasikia ile pii, pii. Anajua."

Candide alikuwa kwenye kizuizi. Alitutazama. Aliinamisha kichwa akachungulia chini ya gunia, akamwona Sumaili, akanyoosha shingo upande wa nyumbani kwao akisikiliza risasi, akamtazama tena kijana aliyekuwa mbele yake.

"Lakini Sumaili iko nacheza kule," alisema. "Namusikia."

Nilikuwa nimetayarisha uongo mwingi njiani, wote ulitoroka. Nilimtazama tu. Nafikiri aliuona uso wangu, na uso wangu siku ile ulikuwa na Kwizera ndani yake.

"Aah," Candide alisema taratibu. "Huyu njo mubebaji wako. Apite mbio, muchele usilowe."

Sumaili alipita. Nilibaki kwenye kizuizi na kumpa mfuko kwa juu ya chuma. Alitembea bila kugeuka, gunia begani, na alipofika upande wa kule risasi zikakatika. Nilingoja Aziza afufuke. Nilingoja sana. Candide pia alingoja, mkono juu ya kizuizi.

Niliporudi nilikimbia, sikujali tena nani ananiona. Aziza alikuwa bado kwenye kiti, mbele ya kioo cheusi, kidole kinabonyeza, kinabonyeza.

"Amevuka?"

"Amevuka."

"Umemuona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Aziza."

Hakuondoa kidole. Ilibidi nikitoe mimi, na kilikuwa kimekakamaa. Yule wa kona alikuwa amengoja kwanza, akidhani ni umeme tu; sasa tulisikia viatu vyake vikija, baadaye kidogo na gari la mkubwa wake. Mkubwa aliingia bila kubisha hodi, akaangalia chini ya kitanda, akaangalia nyuma ya mlango.

"Mutoto iko wapi?"

Nilikuwa nimemshika Aziza mkono. Akamtazama mkubwa usoni.

"Ametoka kidogo," alisema. "Ameenda kununua beignets."

Walingoja hadi giza. Walipochoka walibeba mashine, sanduku jeusi, spika, onduleur na kila kitu, na Aziza aliwafungulia mlango mpana wasikwame. Sumaili hupiga simu kutoka ng'ambo kila Jumapili, na kila mara huuliza kama mashine ni nzima. Mama yake humwambia ni nzima, ameifunika kitenge isishike vumbi.